Sikio la Mwalimu

Ni watu wachache wanaoikumbuka siku waliyojua kusoma. Tunakumbuka sare mpya, foleni ya uji, rafiki tuliyegawana naye dawati. Lakini ile saa ambapo michoro ya ubaoni iligeuka sauti, na sauti zikawa neno tulilolijua tangu nyumbani, hiyo imetutoka. Aliyetuvusha naye husahaulika vivyo hivyo. Mwombe mtu mzima akutajie walimu wake: ataanza na wa sekondari, yule wa hisabati au wa Kiingereza, atarudi nyuma taratibu mpaka la saba, na akifika la kwanza atasita. Nchi nzima inamjua Mwalimu Nyerere. Wanaomjua James Irenge, aliyemfundisha Nyerere katika shule ya Mwisenge pale Musoma, alikoanza masomo mwaka 1934, si wengi, hasa ukishatoka nje ya Mkoa wa Mara. Nami ni mwalimu wa darasa la kwanza katika mkoa huohuo. Kwa muda mrefu nimetaka kuiandika kazi hii kama watu wanavyouandika uhunzi au uundaji wa majahazi, yaani kama ufundi wenye mikono yake, siri zake, na miaka yake ya kuutafuta.

Njia yangu ilianzia kwenye uhitaji wa nchi. Mwaka 2001 serikali iliondoa ada katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Watoto walimiminika. Waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada walikuja wakiwa na miaka kumi, kumi na miwili, wakabanana dawati moja na wenzao wa miaka saba. Madarasa yalijengwa kwa haraka, na walimu wakatafutwa kwa haraka vilevile. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalitosha kuingilia Ualimu Daraja la IIIA. Baba alisema kazi ya serikali haidharauliwi. Mama hakusema kitu. Alikwenda dukani akaninunulia kalamu nyekundu, wakati barua ya kuitwa chuoni ilikuwa bado haijafika.

Nilipangiwa Chuo cha Ualimu Murutunguru, kisiwani Ukerewe. Kutoka Bunda unaifuata barabara mpaka Kisorya, unapanda kivuko, unashukia Rugezi, kisha unaingia katikati ya mashamba ya mihogo na miamba iliyopandana. Siku hizo za MMEM tulikaa chuoni mwaka mmoja, na wa pili tukaumalizia shuleni, tukifundisha chini ya uangalizi wa walimu wazoefu. Walikuwapo waliosema hayo ni mafunzo ya kukimbizana. Kwangu mpango ule ulikuwa neema, maana niliyokuja kuyajifunza mwaka wa pili yasingepatikana chuoni hata kama ningekaa miaka mitano.

Hata hivyo chuo sikibezi. Pale nilijifunza makaratasi ya kazi: azimio la kazi linaloupanga mwaka, andalio la somo linalozipanga dakika, shajara inayosema mmefika wapi na nani ameachwa njiani. Nawasikia walimu wenzangu wakiyaita mzigo. Mimi nayaheshimu, hasa andalio la somo, kwa sababu kando ya safu ya yale atakayoyafanya mwalimu kuna safu ya yale atakayoyafanya mwanafunzi, na safu hiyo haijazwi kwa maneno matupu. Ukishaandika kwamba wewe utaeleza, yeye unamwandikia nini? Kwamba atasikiliza? Mtoto wa miaka saba hasikilizi kwa dakika thelathini. Atafinyanga, atahesabu vizibo, atachora hewani kwa kidole, atamfundisha jirani yake. Safu ile imenifanya nianze kila kipindi nikiwa nimeshafikiria mikono ya watoto itashika nini.

Na nilijifunza ubao. Hili huonekana dogo kwa asiyewahi kusimama mbele ya watoto wanaoiona herufi kwa mara ya kwanza. Chaki nzima hupiga kelele, kwa hiyo unaivunja na kutumia kipande. Huishiki kama kalamu. Unailaza chini ya vidole, ncha imeinama, nawe unaizungusha kidogokidogo kadiri unavyoandika ili mstari usinenepe. Nguvu ya kuandika ubaoni inatoka begani, wala si kwenye vidole. Unasimama ubavu, mtoto aione herufi tangu inapoanza, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza haigi umbo tu, anaiga mwendo wa mkono. Ukimficha mahali ulipoanzia a, ataianzia mkiani, na mkono ukishazoea kuanzia mkiani hautaacha kwa urahisi. Jioni tulikuwa tukichora mistari ubaoni, tukajaza a, tukafuta, tukajaza tena, mpaka mkufunzi aridhike kwamba duara limefunga na kijiti kimesimama. Ubao wa kijijini nao una matunzo yake: ukipauka, watoto huleta mkaa na majani mabichi, vinatwangwa, unapakwa, unaachwa ukauke mwisho wa wiki. Darasa likiingia Jumatatu na kuukuta ubao mweusi tii, hata walio wazito wa kuandika huomba chaki.

Shule niliyopelekwa kwa mwaka wa pili iko karibu na ziwa. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mama aliyebakiza miaka michache astaafu, na alikuwa mwalimu wa UPE, yaani Universal Primary Education, elimu ya msingi kwa wote. Kwa vijana wa leo inafaa nieleze. Novemba 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wakafundisha vijijini mwao huku nao wakifundishwa, kwa masomo yaliyotumwa kwa posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliozunguka shule hadi shule. Watu waliwabeza. Zile herufi tatu zikageuzwa kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Nimeisikia kejeli hiyo midomoni mwa watu ambao kusoma kwenyewe walifundishwa na walimu haohao, na kila nikiisikia huona uchungu, kwa sababu nilikaa darasani kwa mmoja wao na najua nilichokiona.

"Shikamoo, mwalimu," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kufundisha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kaa pale nyuma kwanza. Mimi usinitazame, hakuna cha kutazama. Wasikilize wanavyosoma."

Darasa zima lilikuwa likisoma kwa pamoja, ba be bi bo bu, sauti ikapanda mpaka kwenye bati. Alipomaliza alinijia nyuma, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini: sauti ngapi zinasoma, na ngapi zinafuata? Kisha akarudi mbele, akaweka fimbo yake kwenye bu, akaruka kwenye be, akarudi kwenye bo. Sauti za darasa zikapungua ghafla. Walioendelea walikuwa wanasoma. Walionyamaza walikuwa wameukariri wimbo. Akarudia mara moja zaidi, safari hii akaniambia nisikilize wale wanaoingia nusu pumzi nyuma ya wenzao: hao wanasoma midomo ya jirani. Katika dakika zile chache, bila karatasi wala mtihani, aliligawa darasa lake mafungu matatu, na alimjua kila mtoto yuko fungu lipi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ualimu. Nje ya shule watu hudhani kazi ya mwalimu ni kusema: anajua, basi awaambie wasiojua. Mama yule alisema kidogo kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona. Kutwa nzima alitembea kati ya madawati, kichwa kimeinama, sikio likiwa karibu na midomo ya watoto. Mtoto akisoma ukurasa wa kitabu bila kukwama, aliuweka mkono juu ya picha akamwambia asome tena. Wengi wanaosoma "kuku" wanamsoma kuku aliyechorwa. Picha ikifunikwa, neno linabaki peke yake, na hapo mwalimu anasikia ukweli.

Alinifundisha kwamba kosa la mtoto halitokei hewani. Lina njia lililopitia, na kazi ya mwalimu ni kuifuata njia hiyo kurudi nyuma mpaka lilipoanzia. Chukua mtoto aliyefundishwa majina ya herufi nyumbani au katika darasa la awali: a, be, che, de. Anayaimba vizuri, na mzazi anajivuna kwa haki. Mwandikie neno baba, atalisoma "be-a-be-a." Hakuna uzembe hapo. Amefuata alichopewa kwa uaminifu kamili, herufi moja baada ya nyingine, na kama hakuna anayemsikiliza kwa makini ataambiwa hajui. Mama yule alikuwa akiketi naye, anamwambia afunge midomo, ashikilie, kisha aiachie: b. Halafu m, midomo ikiwa imefungwa na sauti inatokea puani; mtoto anagusa pua yake, anaisikia ikitetemeka, anacheka. Kisha unamwonyesha jinsi m inavyokutana na a. Anajaribu polepole, mmmaaa, na ghafla anapata ma. Akiandikiwa mara mbili, ni mama. Uso wa mtoto katika sekunde ile ndio mshahara ambao hakuna mwajiri anayeweza kuuchelewesha.

Siku hizi naanza na irabu tano kwa chaki nyekundu, kisha m, k na b kwa chaki nyeupe. Nazipenda konsonanti hizi tatu kwa sababu hulipa mapema. Mtoto akizijua pamoja na irabu anaweza kusoma: Kaka amekaa. Babu ameumia. Hizo ni sentensi kamili, zina watu na zina jambo. Watoto huuliza babu ameumia wapi, nani amemwumiza, na mjadala unaanza. Kumbe wamesoma! Lugha yetu ina ukarimu mkubwa kwa wanaoanza. Herufi hukaa na sauti yake, silabi nyingi huishia kwa irabu, na mtoto aliyeshika njia hii anaweza kutamka neno asilowahi kulisikia maishani. Ukarimu huo una hatari yake, na mwalimu asiyekuwa macho hudanganyika. Mtoto anaweza kukusomea aya nzima kwa ufasaha na asijue imesema nini. Kwa hiyo sikubali kusoma kokote kusikofuatwa na swali. Nani amekaa? Kwa nini unadhani amekaa? Asiyejibu, tunarudi mwanzo wa sentensi, kwa upole, mara nyingi kadiri inavyotakiwa.

Kwetu kuna ufundi wa ziada, kwa kuwa watoto wengi hukutana na Kiswahili sanifu mlangoni pa shule. Katika darasa langu wamo Wajita, Wakurya, Wasukuma, Waikizu, na wengine ambao wazazi wao walikuja kufuata samaki. Mtoto anaandika "mutu" badala ya mtu. Kwa nini? Kwa sababu lugha zetu za kandokando ya ziwa huipa ile m irabu yake, na yeye ameandika sawasawa kile ambacho sikio lake limekilea. Mwingine, mtoto wa Kikurya, anaandika "kurara." Jirani yake wa Kisukuma anaandika "balabala." Ukiwasahihisha kwa kalamu nyekundu peke yake, watajifunza kwamba wao ni watu wa kukosea. Ukiwasikiliza, utaona kwamba wote wawili wameshaweza lililo gumu zaidi, yaani kukamata sauti na kuishusha kwenye karatasi. Kilichobaki ni kulinoa sikio. Kwa hiyo tunaweka penseli chini, tunacheza. Nasema mahali, nasema mahari. Wakisikia la kwanza wanaonyesha sakafu, wakisikia la pili wanalia kama ng'ombe. Nasema kula, nasema kura. Kelele zinakuwa nyingi, na mwalimu wa darasa la nne ng'ambo ya ukuta amenivumilia kwa miaka mingi, Mungu amjalie. Baada ya wiki kadhaa za mchezo huo, l na r huanza kutengana masikioni, na zikishatengana masikioni mkono haukawii kufuata.

Tunapiga pia makofi. Neno mbuzi lina makofi mawili: mbu-zi. Mtu, mawili: m-tu. Mbu, yule mdudu, naye mawili: m-bu. Kwa jicho, mbu na mwanzo wa mbuzi ni kitu kimoja, herufi zilezile tatu. Kwa sikio ni vitu viwili, na mtoto aliyezoea Kiswahili huvigawa bila kuambiwa na mtu. Sijawahi kuacha kulistaajabia jambo hili. Ina maana mtoto anaingia darasani akiwa amebeba sarufi nzima mwilini, kwenye viganja na kwenye ulimi. Mwalimu hamjazi kitu kitupu. Anamwonyesha kwamba alicho nacho kinaweza kuandikwa.

Kijiji chetu kinavua dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika. Hili ni somo la ualimu ambalo halimo katika kitabu chochote cha saikolojia ya elimu nilichosomeshwa. Siku za giza rejista yangu inapungua. Waliopo wanasinzia, kwa sababu alfajiri walikuwa mchangani wakisaidia kuanika. Siku za mbalamwezi wanajaa. Mama yule alikuwa na kalenda ya mwezi moyoni. Silabi ngumu, zile za mwa, nywa, ng'o na ndwe, alizipanga ziangukie mbalamwezi. Siku za giza alirudia yaliyopita, akatumia dagaa wenyewe kufundisha kuhesabu, mafungu ya kumi, kumi mbili, kumi tatu. Mtoto aliyetoka kuanika hakukuta amepitwa na kitu kipya. Afisa akifika na kukagua azimio la kazi, aliona tu mpangilio mzuri wa mada. Sababu yake ilikuwa angani.

Nimesema darasa langu, na sijataja ukubwa wake. Mwongozo wa taifa unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa la kwanza katika shule nyingi za umma hupita mia, na langu limepita mia mara nyingi. Utasikilizaje midomo mia? Hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa kazi hii, na sitaki kuupamba. Mama yule alikuwa na kaunta buku, kila mtoto na mstari wake, kila silabi na safu yake. Kila siku alisikiliza safu moja ya madawati, mtoto mmoja mmoja, huku wengine wakiandika nje kwenye mchanga kwa vijiti chini ya uangalizi wa wenzao walioelewa. Aliyeisoma silabi bila kusita alipata alama. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amewapitia wote, na hakuwa na haja ya kukisia. Nami naitumia njia hiyohiyo. Inachosha. Mgongo unauma kwa kuinama, koo linakauka kwa vumbi la chaki, na bado wapo watoto ambao wiki inaisha nimewasikia kwa dakika moja tu, wakati walihitaji kumi. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtoto wa darasa la kwanza ana haki ya mwalimu anayeweza kumsikia, na shule yenye walimu saba ikimpanga mmoja tu kwa watoto mia na ishirini huku madarasa ya juu yakiwa na mwalimu kwa kila somo, mpangilio huo umekaa kichwa chini.

Mwaka 2012 nchi ilishtuka kusikia kwamba wapo vijana waliochaguliwa kuingia sekondari ilhali hawajui kusoma wala kuandika. Magazeti yalijaa lawama. Walimu wa madarasa ya chini hatukushtuka sana, kwa sababu tuliyajua yale mafungu matatu: wanaosoma, wanaofuata, na waliokariri. Mtoto wa fungu la tatu anaweza kupanda darasa baada ya darasa akiwa amebebwa na sauti za wenzake, mpaka afike mahali ambapo kila mtu anasoma kimya. Miaka michache baadaye, mwaka 2015, ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, uliopunguza wingi wa masomo na kurudisha muda mwingi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Yapo ya kujadili katika mitaala yetu, nami nina maoni yangu, lakini badiliko hilo nililipokea kwa furaha. Liliipa kazi ya mama yule nafasi katika ratiba ya taifa.

Wanaume tunaofundisha la kwanza si wengi. Nimeulizwa mara nyingi kama hii si kazi ya akina mama, na jibu langu ni kwamba niliirithi kutoka kwa mama. Mwanzoni watoto huiogopa sauti nene, kwa hiyo nimejifunza kuishusha, na kukaa kwenye kigoda ili macho yetu yawe kimo kimoja. Baadaye kuna faida. Wapo watoto ambao mwanamume pekee wanayemjua ni yule anayerudi alfajiri amechoka na kulala mpaka jioni. Hao hufurahi kuona mwanamume mzima akihangaika na vizibo vya soda kwa saa nzima ili wao wajue tisa na moja ni ngapi.

Kusoma kwenyewe, kule kwa kweli, mara nyingi hakutokei darasani. Hutokea njiani. Nilikuwa nikirudi nyumbani kwa njia ya mwaloni, kunakoegeshwa mitumbwi, na mmoja wa wanafunzi wangu, msichana mdogo ambaye kwa muda mrefu alikuwa kwenye fungu la pili, alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi wa baba yake mdogo. Ubavuni mwa mtumbwi palikuwa na jina lililopakwa rangi ya buluu. Mtumbwi ule alikuwa ameuona tangu azaliwe. Aliweka kidole kwenye mbao, akaanza: u, vu, mi, li, vu. Akarudia kwa haraka zaidi. Halafu akageuka, akamwambia baba yake mdogo, kwa sauti ya mtu anayetoa habari muhimu, kwamba mtumbwi wake unaitwa Uvumilivu. Yule bwana alicheka, akamwambia mbona analijua. "Na mimi nimelijua," akasema mtoto, kisha akaenda kwenye mtumbwi wa pili, na wa tatu. Alikuwa na pwani nzima ya kusoma. Sikumwita wala sikumpongeza pale, nilipita. Kesho yake nilimpa alama zote zilizokuwa zimebaki wazi kwenye mstari wake wa kaunta buku, na nikawaomba watoto wote waniletee majina ya mitumbwi. Somo la wiki ile likajifundisha lenyewe, likiwa na majina ya watakatifu, ya timu za mpira na ya mabibi, na sahihisho moja la tahajia ambalo watoto walikwenda kumweleza mwenye mtumbwi, naye akachukua rangi akalirekebisha.

Mama yule alishastaafu. Yupo, ana bustani ya mchicha na wajukuu, na nikipita kumsalimu huniuliza swali lilelile: wangapi wanasoma, wangapi wanafuata? Sasa huniita mwalimu, nami bado namwita mama. Wanafunzi wake wa kwanza kabisa, wale wa miaka ya sabini, sasa ni watu wazima wenye wajukuu katika darasa langu. Baadhi yao huja kutia saini fomu za watoto, na mmoja aliwahi kuniambia hakumbuki alifundishwa na nani kuandika jina lake. Nilimwambia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza anaishi wapi siku hizi, na wiki hiyohiyo akampelekea sangara mzima.

Kabla ya mwaka huu kuanza, mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwamba nimekaa la kwanza vya kutosha, sasa anipandishe nikafundishe la saba. Alikuwa ananitendea wema. La saba ndiko kwenye mtihani wa taifa, na mwalimu ambaye somo lake limefaulisha hutajwa kwenye kikao cha kata. Nilimshukuru. Nikamweleza kwamba mtoto anayefika la saba ameshakuwa msomaji au ameshajificha miaka sita, na kwamba mimi ninachokijua vizuri kuliko vyote ni kumsikia kabla hajaanza kujificha. Nikamwomba aniache palepale, anipe mwalimu wa pili wa kugawana naye watoto, na kama fedha za ruzuku zitaruhusu, aninunulie chaki nyekundu za kutosha muhula mzima, kwa ajili ya irabu. Mwalimu wa pili bado tunamsubiri. Chaki zimefika.